Mvua Haina Kosa: Kamera Imeloa Ndani ya Begi Tulilolifunga Wenyewe



Leo sina habari za mitindo ya mabuibui wala mishono ya Idi. Nataka tuzungumze jambo lililonitoa machozi na pesa kwa pamoja: kamera iliyoharibika mlimani siku ya mvua. Najua kuna atakayeuliza, fundi cherehani na kamera wapi na wapi? Nivumilieni kidogo. Mtaona kwamba kosa lenyewe lilianzia kwenye mshono.

Siku hizi sisi wanawake wa visiwani tunatembea, alhamdulillahi. Tunakwenda Jozani, tunakwenda msitu wa Ngezi kule Pemba, tunavuka bahari tukapande milima ya Bara. Na hakuna safari isiyo na picha. Mmoja ana kamera, mwengine ana simu nzuri kushinda kamera, wa tatu anarekodi kwa ajili ya biashara yake. Halafu mawingu yanajifunga njiani, mvua inashuka, na kila mtu anaanza kuuliza, "Nani ana mfuko?"

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mvua haina kosa. Kamera niliyoiharibu mimi haikupata hata tone moja la mvua usoni. Ililowa ndani ya begi, kwa unyevu niliouweka humo kwa mikono yangu na kuufungia zipu. Tukilielewa hilo, tutaacha kutafuta begi la ajabu na tutaanza kujipanga.

Ilivyokuwa

Ilikuwa wakati wa vuli. Tulikuwa wanawake tisa, wote wafanyabiashara ndogondogo. Tulipanda boti hadi Dar es Salaam, tukachukua basi hadi Moshi, na kesho yake asubuhi tukawa kwenye lango la Marangu, Kilimanjaro. Hatukuwa na nia ya kilele. Yetu ilikuwa safari ya siku moja: kutoka langoni, chini kidogo ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hadi vibanda vya Mandara vilivyoko mita 2,720, kisha kurudi. Ni kilomita 8 hivi za kupanda, na njia karibu yote imo ndani ya msitu.

Kamera haikuwa yangu. Niliazima kwa shoga yangu anayepiga picha za harusi upande wa wanawake. Mnaijua kazi hiyo ilivyo kwetu. Ukumbini watu wamevua mabuibui, bibi harusi kapambwa, mpiga picha mwanamume hana njia ya kuingia. Kwa hiyo wapiga picha wanawake wanatafutwa, na kamera kwa shoga yangu ni kama cherehani kwangu. Ndiyo inayolipa ada za skuli za watoto wake.

Aliponikabidhi aliniambia, "Shoga, Ijumaa nina harusi. Nirejeshee kama nilivyokupa."

Nikamjibu, "Usiwe na wasi, mwaya. Begi nimelishona mwenyewe. Haliingii maji."

Neno hilo, haliingii maji, ndilo lililoniponza.

Mvua ilitukuta saa moja baada ya kuondoka langoni. Kijana aliyetuongoza hakushangaa. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa mlima ule ndio unaonyeshewa kuliko kwengine kote mlimani, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nikatia kamera begini, nikafunga zipu, nikalivisha begi lile koti lake la mvua la kuvuta kwa mpira. Nilijiona nimemaliza.

Tulipofika Mandara nilikuwa nimeloa mgongo mzima na ninatetemeka. Nikavua sweta na ushungi, nikavaa vikavu. Vile vilivyoloa nivitie wapi? Nikavisokota, nikavikamua, nikavitia begini. Pale pale penye kamera.

Tuliporudi chini tukaingia kwenye Kosta. Vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, watu tisa na nguo mbichi, joto la pumzi zetu tu linatosha kupikia uji. Nikatoa kamera niwaonyeshe wenzangu picha za maua ya msituni. Lenzi ilikuwa nyeupe kama kioo cha bafuni. Nikaifuta kwa ncha ya ushungi, nikaiwasha. Ikawaka. Nikapiga picha mbili. Ikazima. Nikaiwasha tena. Skrini ikapepesa mara tatu, ikawa nyeusi, na mpaka leo haijaona tena mwanga.

Fundi wa kamera mjini aliniuliza maswali mawili. "Ilitumbukia majini?" Nikasema hapana. "Baada ya kupata unyevu, dada, uliiwasha?" Nikasema niliiwasha. Akatikisa kichwa, akaanza kufungua skrubu. Ndani alinionyesha alama za maji kwenye bodi na vijani vya kutu kwenye viungo vya betri.

Ijumaa shoga yangu alikwenda harusini na kamera ya kukodi. Nililipa mimi. Kisha nikailipa kamera yenyewe kwa mafungu, miezi kumi, kutoka kwenye nguo za watu nilizokuwa nashona usiku. Hakunitolea neno baya hata moja. Angenitukana ningepata nafuu. Ule unyamavu wake ndio ulionikata.

Maji yalipita wapi

Katika miezi ile kumi nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, mguu uko kwenye cherehani. Nikalifumua lile begi langu nione. Nikakuta maji yalikuwa na milango mitatu, na mmoja tu ndio niliokuwa nimeufikiria.

Mlango wa kwanza ni mshono. Hapa naomba mafundi wenzangu wanisikilize. Kitambaa nilichotumia kilikuwa kizuri kweli, nailoni iliyopakwa mpira upande wa ndani. Ukikimwagia maji yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Lakini sindano ikipita, inatoboa. Hesabu mwenyewe: ukishona kwa hatua ya milimita 3, kila mita moja ya mshono ina matundu zaidi ya 300. Begi dogo la mgongoni lina mishono ya mita 3 au zaidi, kwa hiyo nilikuwa nimemkabidhi shoga yangu ahadi yenye matundu 1,000. Nilitumia na uzi wa pamba, na uzi wa pamba unavuta maji kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta. Zipu nayo ilikuwa ya kawaida, bila ulimi wa kuifunika. Zipu ya kawaida ni mlango usiofungwa.

Mlango wa pili ni mgongo wangu. Lile koti la mvua la begi linafunika mbele, juu na pembeni. Upande unaogusa mgongo halifuniki, na haliwezi kufunika, maana ndiko iliko mikanda. Mvua inakushuka shingoni, inafuata mgongo, inaingia kati yako na begi, inanywewa na sponji ya mgongoni kisha inashuka chini. Likiwa koti halina kitundu chini cha kutolea maji, begi linakaa ndani ya karai. Ukibeba begi lenye koti ukadhani umesalimika, umejifunika mwavuli ukasahau uko kwenye dimbwi.

Mlango wa tatu ndio ulioua kamera. Sweta na ushungi. Nguo iliyoloa, hata ikikamuliwa, ina maji mengi. Ukiifungia kwenye begi pamoja na kamera, maji yale hayakai kwenye nguo tu. Yanageuka mvuke, yanajaza hewa ya ndani, yanatafuta kitu cha baridi pa kukaa. Na kitu cha baridi kilichokuwamo ni kamera, chuma na vioo vilivyoshinda na baridi ya mlimani.

Chukua glasi ya juisi ya ukwaju kutoka kwenye friji, iweke mezani mchana wa jua. Baada ya dakika mbili nje ya glasi pana majimaji. Glasi haijavuja. Maji yametoka kwenye hewa ya joto yenye unyevu, yakagandamana kwenye kioo cha baridi. Kamera inayotoka Mandara na kuingia kwenye Kosta yenye joto ni glasi ile ile ya ukwaju. Tofauti ni kwamba kamera inatoa jasho nje na ndani.

Na msidhani hili ni la mlimani tu. Hapa kwetu Unguja linatokea kila harusi. Mpiga picha anatoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, anakwenda nje kumpiga bibi harusi akishuka garini, lenzi inaingia ukungu. Wengi wanafuta na kuendelea. Kinachofutwa ni cha nje. Cha ndani kinabaki. Kikibaki mara nyingi, na kamera ikakaa kabatini gizani, kuvu linaota kwenye kioo cha lenzi, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Kuvu linapenda giza na hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hadi 70 kwenda juu, na hewa ya visiwani kwetu iko hapo au zaidi sehemu kubwa ya mwaka. Likikaa sana linakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha alama haitoki.

Neno "haiingii maji"

Sasa niseme na sisi wauzaji. Tuna tabia ya kumwambia mteja kila kitu hakiingii maji. Begi haliingii maji, koti haliingii maji, kifuko cha simu hakiingii maji. Tukibanwa tunasema "maji kidogo." Maji kidogo ni yapi? Manyunyu ya dakika tano wakati wa kushuka daladala, au saa nne za mvua ya msituni?

Watengenezaji wa simu na kamera angalau wana namba zao. Mkiona herufi IP na tarakimu mbili, ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Ya pili ikiwa 4, maana yake kifaa kinastahimili maji ya kurushiwa. Ikiwa 7, kilijaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini jaribio hilo ni la maji yasiyo na chumvi, na kifaa kipya. Simu iliyoanguka mara nne na kufunguliwa na fundi mara mbili haina tena mipira ile ile. Kamera nyingi nazo zinasifiwa kwamba zinahimili hali ya hewa bila kutaja namba yoyote, na lenzi inayorefuka ukivuta picha karibu inavuta na hewa ya nje ndani yake kila ikirefuka. Siku ya mvua hewa hiyo ni ya unyevu.

Dukani kwangu nimeacha kusema haliingii maji. Nasema, "Hili linahimili manyunyu. Ukitaka kubeba kamera kwenye mvua, ndani yake utie mfuko wa pili." Kuna wateja wanaondoka wakanunue kwa anayeahidi zaidi. Waende salama. Riziki haikimbiliwi kwa ahadi ya uongo, na mimi nimeshailipia ahadi moja miezi kumi.

Kwa mafundi wenzangu wanaotaka kushona mabegi ya safari: tumieni uzi wa poliesta, sindano nyembamba, hatua ndefu ya milimita 4. Msishikize kwa pini, shikizeni kwa vibanio, kwa sababu kila pini ni tundu. Mkikosea msifumue mkashona pale pale. Tundu la kwanza halifungi. Mshono ukunjeni, kisha ndani muubandike utepe wa kuziba mishono, ule unaoshikishwa kwa moto wa pasi, au mpakeni gundi ya mishono. Zipu iwekeeni ulimi mpana. Bada ya hapo begi litakuwa zuri, lakini bado mwambieni mteja ukweli.

Kikavu kikae na kikavu

Somo lote nililolipia nimelifupisha hivi: kikavu kikae na kikavu, kibichi na kibichi, visikutane mpaka nyumbani. Usitegemee ngozi ya nje ya begi. Tegemea kifuko cha ndani.

Kifuko bora ni ule mfuko wa kukunja mdomo wanaobeba wapiga mbizi na watembeza watalii kule Nungwi, wenyewe wanauita drai bagi. Unakunja mdomo mara tatu au nne, unafunga kibanio. Ukikunja mara moja umejidanganya. Asiye nao asihangaike. Kontena la chakula lenye kifuniko cha kubana na mpira pembeni linatosha kamera ndogo na betri zake. Lijaribu kabla: tia tishu ndani, lifunge, lizamishe kwenye ndoo ya maji robo saa, ufungue uangalie tishu. Nimewahi kuvuliwa imani na kontena la bei kubwa, na la bei ndogo likafaulu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa msiitegemee. Sisi Zanzibar tuliikataza zamani, na Tanzania Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Usije ukaharibu safari kwa sababu ya rambo.

Ndani ya kifuko tia chembe za kunyonya unyevu, zile za silika jeli. Vipakiti vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu wa dukani, havina kazi. Tafuta zinazobadilika rangi ili ujue zikichoka. Zile za buluu hugeuka waridi, na zikikaushwa kwenye tanuri kwa moto mdogo hurudi rangi yake. Zile za buluu ziwekwe mbali na watoto, rangi yake ina sumu.

Nguo zilizoloa ziwe na mfuko wake peke yake, na ukiweza uufunge nje ya begi. Hapa nakumbusha na jambo letu: kanzu ya sala na msala navyo ni vifaa vya safari. Pale Mandara tulisali adhuhuri, na wawili kati yetu hawakuwa na nguo kavu hata moja. Tuliazimana. Tangu siku ile nguo ya sala inakaa kwenye kifuko kimoja na kamera, na vyote viwili vinafika vikavu.

Njiani, mwavuli mdogo ni bora kuliko koti lolote la kamera. Mwenzako akushikie, wewe upige picha. Kofia ya kuogea ya mpira inaivaa kamera vizuri sana, na nani kati yetu hana kofia ya kuogea? Ivishe juu, lenzi itokeze mbele, na lenzi iwe na lile pete lake refu la kuzuia jua, maana linazuia na matone. Usibadilishe lenzi mvuani. Kitambaa cha kufutia kioo kikae mfuko wa ndani, kifukoni mwake. Mwili wa kamera ufutwe kwa kipande cha kanga kuukuu. Kanga mpya ina wanga, hainyonyi.

Ukitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, usitoe kamera. Toa memori kadi ukiwa bado kwenye baridi kama una hamu ya kuangalia picha, kisha fungia kamera kwenye kifuko chake na uiache humo saa moja au mbili mpaka ipate joto polepole. Jasho litatoka nje ya kifuko, kamera ndani imekaa kavu. Hili peke yake lingeokoa kamera ya shoga yangu. Halina gharama yoyote, ni subira tu.

Na ikiwa imeshalowa: zima. Usiijaribu. Toa betri, toa kadi, futa nje, fungua vifuniko vyote, iweke mbele ya feni siku mbili au tatu, au kwenye boksi lenye silika jeli. Usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, moto unalainisha gundi na kusukuma maji ndani zaidi. Kama ni maji ya chumvi, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji.

Najua mtasema nini

Kuna atakayesema, "Tia kwenye mchele." Dada yangu, mchele ule upike. Mchele uliokaa jikoni kwetu wenyewe una unyevu wa hewa ile ile, na ungaunga wake unaingia kwenye matundu ya kamera. Simu za watu hupona kwenye mchele kwa sababu zilizimwa na kuachwa siku mbili, na sifa ikachukuliwa na mchele.

Kuna atakayesema, "Si uache kamera nyumbani tu, simu inatosha?" Kwa anayepiga picha za kumbukumbu, huenda. Lakini kuna wanawake kati yetu ambao picha ndiyo kazi yao. Wanapiga wageni njia za viungo, wanapiga bidhaa zetu, wanapiga harusi zetu. Mvua za masika ni miezi mitatu, Machi mpaka Mei, na vuli inafuata Oktoba mpaka Disemba. Ukimwambia aache kazi kila mawingu yakijifunga, umemwambia ale nusu mwaka.

Na kuna atakayesema, "Mwenye uwezo atanunua kamera isiyoingia maji, sisi wengine tutawakali tu." Kutawakali ni wajibu wetu, lakini hakumwondolei mtu kukunja mdomo wa mfuko. Vitu nilivyotaja ni kontena, kofia ya kuogea, kanga kuukuu na mwavuli. Vyote vimo nyumbani.

Amana

Nimalizie na lililonikaa moyoni. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Mimi nilidhani kurejesha amana ni kutoiiba. Nilikuwa nimekosea. Kurejesha amana ni kuirudisha kama ulivyopewa, na hilo linaanza kabla hujaondoka, pale unapouliza kitu hiki kinataka nini, kinaogopa nini, nani anakula kwacho. Sikuuliza. Nilitoa ahadi kwa kiburi cha ufundi wangu, kisha nikaipa kamera ya mwenzangu sweta langu bichi ilale nalo.

Siku nilipopeleka fungu la mwisho, shoga yangu alilipokea, akaingia ndani, akatoka na kamera mpya aliyoinunua. Akaiweka juu ya meza mbele yangu. "Nishonee begi lake," akaniambia. "Na hili uniambie kweli linaingia maji au haliingii."

Nikamwambia, "Linaingia, shoga. Ndiyo maana nitakushonea na kifuko cha ndani."

Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi.

Wenye kamera, simu na vinasa sauti, masika yakikaribia kagueni mabegi yenu leo, jua lingali linawaka. Zamisheni makontena kwenye ndoo, tenganisheni kibichi na kikavu. Kisha tokeni mkatembee. Mvua ni rehema, na msitu ulionyeshewa una kijani ambacho jua la kiangazi halikuonyeshi. Ningependa wengi wenu mkipige picha kile kijani, na mrudi nazo.

Wabillahi tawfiq.